Masweta Matatu ya Esta

Igowole kuna baridi. Mwezi wa saba ukungu unashuka asubuhi na hauna haraka ya kuondoka. Lakini Bertha halalamiki, kwa sababu baridi ndiyo inayompa kazi. Anafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, hapo hapo sebuleni kwake.

Mume wake, Philbert, ni fundi wa magari Mbeya. Mara ya mwisho alikuja nyumbani wakati wa Krismasi. Mtoto wao, Esta, alikuwa na miezi sita. Sasa alikuwa na miezi kumi na tatu.

Bertha alimkumbuka mume wake kila siku. Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, akisikia waume wa wenzake wakipiga hodi majumbani kwao. Kila alipozidiwa na hamu, alifuma. Alimfumia Esta sweta la njano. Akamfumia la bluu. Akamfumia na jekundu, pamoja na suruali nene, kofia, na soksi za kufika magotini. Esta alivaa vyote kwa pamoja. Alikuwa kama kabichi.

Mchana kutwa Bertha alimkalisha kwenye beseni kubwa lenye mablanketi, karibu na jiko la mkaa. Akitoka, alimbeba mgongoni. Esta hakulia. Alikaa akitazama mashine ikienda na kurudi. Watu walimsifu kwamba ni mtoto mtulivu, na Bertha akafurahi. Mama gani hapendi mtoto wake asifiwe?

Kila jioni simu iliita.

"Mama Esta, hamjambo?"

"Hatujambo, Baba Esta. Pole na kazi."

"Esta ameshasimama?"

Bertha alitazama beseni. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa mwezi mmoja na Esta, alikuwa anashika kuta na kuzunguka nyumba nzima. Esta hata kutambaa alikuwa bado.

"Anasimama," Bertha alisema.

Philbert alicheka kwa furaha. "Nimeshamnunulia viatu vyekundu! Nakuja mwisho wa mwezi wa tisa. Jino lake la kwanza lilinipita. Akianza kutembea, nataka niwepo. Hilo tu, Mama Esta."

Simu ilipokatika, Bertha alilia. Hakudanganya kwa ubaya. Alimwonea huruma mtu aliye mbali. Lakini sasa uongo wake ulikuwa umepangiwa tarehe.

Bibi mmoja wa kanisani alimpa ushauri. Achimbe shimo, amsimamishe Esta ndani yake, amfukie udongo mpaka kiunoni. Eti miguu ingepata nguvu. Asubuhi moja Bertha alikuwa ameshashika jembe, ndipo akapita jirani yake Apolonia, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Kamwene, Mama Esta."

"Kamwene, dada. Karibu."

"Jembe la nini na baridi hii?"

Bertha alimweleza. Apolonia hakucheka.

"Weka jembe chini. Lete mtoto, na kadi ya kliniki."

Aliisoma kadi. Uzito wa Esta ulikuwa mzuri. Kisha akaanza kumvua. Sweta la njano. La bluu.

"Dada, atapata nimonia!"

"Namwachia moja na suruali nyepesi. Jua limeshatoka. Wewe umevaa masweta mangapi?"

"Moja."

"Basi vaa matatu, halafu jaribu kuokota sindano chini."

Bertha aliyaokota masweta yale mawili, akayakunja.

"Mtoto anaujua mwili wake kwa kuutumia," Apolonia alisema. "Anageuka, anatambaa, anajivuta, anaanguka, anainuka tena. Esta akiwa ndani, yuko kwenye beseni. Akitoka, yuko mgongoni. Hiyo miguu itapata nguvu saa ngapi?"

"Nilikuwa nampenda tu, dada."

"Najua. Hata masweta yanasema. Lakini tusiende kwa kukisia. Watoto wengi wa umri huu wanasimama kwa kushikilia kitu. Kama hawezi, anapelekwa kupimwa. Kesho twende zahanati."

Kule zahanati, mganga alimpima Esta nyonga, mgongo na miguu. Hakuona ugonjwa.

"Mpe nafasi ya kucheza chini kila siku," alisema. "Mrudishe baada ya mwezi mmoja. Kama hakuna mabadiliko, nitakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya."

Siku ile ile Apolonia aliipanga upya sebule ya Bertha kana kwamba ni yake. Alitandika mkeka, na juu yake blanketi. Benchi zito likawekwa pembeni, Esta apate kitu cha kushika. Jiko la mkaa likatolewa nje.

"Hewa ya mkaa kwenye nyumba iliyofungwa inaua watu," alisema. "Na mtoto anayejifunza kutembea ataliangukia."

Beseni likarudi kwenye kazi yake ya kufulia nguo.

"Na baba yake je?" Apolonia aliuliza. Bertha akainamisha kichwa, akakiri uongo wake.

"Mwambie ukweli leo. Na mwambie asiishie kukuuliza wewe habari za Esta. Aongee na Esta mwenyewe. Mtoto anajifunza kusema kwa kusemeshwa."

Jioni simu iliita.

"Baba Esta, nilikudanganya. Esta hajasimama."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Tumempima. Nilimfunika mno."

Bertha alikaza simu sikioni, akisubiri ugomvi.

"Umeniumiza," Philbert alisema. "Lakini na mimi nilikusukuma na swali langu. Haya, niwekee Esta kwenye simu."

Tangu siku hiyo, kila jioni Bertha aliweka simu kwenye kigoda na kuongeza sauti. "Esta, ni baba," Philbert alianza. Kisha alimsimulia habari za malori, magurudumu na mvua ya Mbeya. Esta alijibu, "Ba-ba-ba," na kuipigapiga simu kwa kiganja.

Wiki ya kwanza Esta alilia sana pale kwenye mkeka. Wiki ya pili alitambaa kinyumenyume mpaka chini ya mashine. Walipomrudisha zahanati, alikuwa anatambaa kwenda mbele, na mganga akaridhika. Mwezi wa tisa akashika benchi, akajivuta, akasimama. Bertha alipiga kigelegele peke yake. Kisha furaha ile ikamuuma, maana hakuwa na wa kumgeukia na kumwambia, "Umeona?"

Mwisho wa mwezi Philbert alifika. Alichuchumaa mlangoni, viatu vyekundu mkononi, akafungua mikono. Esta alikuwa amesimama ameshika benchi. Alikuwa hajawahi kuliachia. Alimkazia macho yule mgeni, midomo ikaanza kutetemeka.

"Hanijui," Philbert alisema taratibu.

"Ongea naye," Bertha alimwambia. "Kama siku zote."

"Esta, ni baba. Leo nimepanda basi kubwa."

Esta aligeuka upesi. Hakumtazama Philbert. Alitazama kigoda, pale simu inapokaa jioni. Akaachia benchi. Hatua moja. Mbili. Akayumba. Bertha alishika sketi yake kwa nguvu asije akamdaka. Hatua ya tatu ikamfikisha. Esta alichukua simu akaiweka sikioni.

"Baba?"

Machozi ya Philbert yalidondoka kwenye viatu vile.

"Niko huku, mwanangu."

Esta alitazama simu. Akautazama mdomo wa yule mtu. Kisha akaanza kutembea tena, polepole, simu mkononi, mpaka akaangukia kifuani kwake.

Walijaribu kumvalisha viatu vyekundu. Havikuingia. Miguu ilikuwa imeshakua.

"Tumechelewa," Bertha alisema kwa huzuni.

Philbert aliushika unyayo mdogo wa mtoto wake, usio na kiatu, kwenye kiganja chake cheusi kwa grisi.

"Viatu vimechelewa," alisema. "Mimi nimewahi."