Mikono ya Namelok

Mwezi wa saba, chini ya Mlima Meru, baridi haina adabu. Lakini ng'ombe lazima akamuliwe. Na tangu biashara iwe ruksa, hoteli za mjini zinataka maziwa kila asubuhi.

Mama Elinaza alisimama zizini akimtazama mkwe wake. Namelok, mke wa mwanawe Lesian, alikuwa mjamzito. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye chuchu za ng'ombe, havifunguki! Ng'ombe akarusha teke. Ndoo ikapinduka.

"Uvivu huo!" Mama Elinaza akafoka. "Kamua upesi upate joto!"

"Mama, nikiharakisha ndiyo vinazidi kukaza. Hata baba yangu yuko hivi."

"Basi rudi kwa huyo baba yako!"

Hakuwa akitania. Jumapili angewaita wazee, Namelok arudishwe kwao.

Lesian akakataa katakata. Akampeleka mkewe hospitali. Mama Elinaza naye akafuata, eti wasije wakadanganywa.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Twahira. Akamwambia Namelok atie mkono kwenye maji baridi, kisha akunje na kukunjua ngumi, tena na tena. Kila mara ngumi ilichelewa zaidi kufunguka. Mwisho ikagoma kabisa.

"Mama, hebu mfungue."

Mama Elinaza akavuta vidole. Wapi! Huku si kuigiza.

"Mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno kuonekana kwa macho," daktari akaeleza. "Kila seli ina milango ya kupitishia madini. Mlango wa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ukifunguka, msuli unakaza. Ukijifunga, msuli unalegea. Mlango wa Namelok una hitilafu. Kwenye baridi unachelewa kujifunga, mikononi hata usoni. Akizidisha kazi, unachelewa zaidi."

"Kumbe nilipomwambia aharakishe..."

"Ulikuwa unamtesa, mama."

"Hajalogwa?"

"Hapana. Amerithi kwa baba yake, na huenda mtoto naye akarithi. Ugonjwa huu hauambukizi. Iko pia milango ya potasiamu, ya kalisiamu na ya kloridi. Ikiharibika, mmoja moyo wake hudunda ovyo, mwingine hupata kifafa. Wote ni wagonjwa, waletwe hospitali."

"Sasa tufanye nini?" Lesian akauliza.

"Avae glavu, akamue jua likishapanda, anawe maji ya uvuguvugu. Na kabla ya dawa yoyote ya usingizi ya upasuaji, awaambie madaktari hali yake."

Mama Elinaza alirudi nyumbani na aibu. Wazee hawakuitwa. Kesho yake alibandika sufuria ya maji mekoni mwenyewe.

Mtoto alizaliwa salama, baridi bado ipo. Siku moja jirani alimnawisha uso kwa maji ya mtungini. Macho ya mtoto yakajifumba, yasifumbuke.

"Mh! Kitoto kikaidi hiki!" jirani akacheka.

Mama Elinaza akampokea mjukuu wake upesi. Akamfunika kwa khanga, akampasha uso kwa viganja vyake. Polepole, macho yakafumbuka, yakamtazama.

"Usimwite mkaidi," alisema. "Ni mgonjwa kama mama yake. Niletee maji ya uvuguvugu."