Nasambu Amsemea Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nasambu alimpelekea baba yake maji ya kumezea dawa. Baba yake, Mzee Kundu, alikuwa mfyatuaji matofali, na soko zima la Kamukuywa lilimjua kwa nguvu zake. Lakini tangu augue kifua kikuu, hata kwenda bombani kulimchosha. Alisinzia akiwa ameketi, kijiko mkononi.

"Siku hizi kazi yako ni kula na kulala tu, bana!" Wakhungu, mfyatuaji mwenzake, alimtania.

Nasambu aliumia moyoni. Yeye ndiye aliyemsikia baba akikohoa na kugeukageuka kitandani. Yeye ndiye aliyeanika shuka zilizolowa jasho.

Siku moja alimkuta baba akirudisha vidonge kwenye pakiti.

"Hizi dawa ndizo zinanimaliza nguvu," baba alisema. "Nataka kuziacha. Usimwambie mtu."

Shule zilipofungwa, Nasambu alimsindikiza baba kliniki mjini Kitale. Muuguzi aliyeitwa Chelagat aliwakaribisha.

"Mzee, dawa unameza vizuri?"

"Vizuri kabisa, sista."

"Na usingizi je?"

"Nalala fofofo."

Nasambu alitazama sakafu. Nyumbani kwao, mtoto hakumpinga mzazi mbele ya watu. Lakini akinyamaza, nani angemsaidia baba?

"Nisamehe, Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Sista, baba halali. Anakohoa hadi kunakucha. Shuka zinalowa jasho. Na anataka kuacha dawa kwa sababu anachoka."

Baba alimkazia macho, kisha akainamisha kichwa.

"Ni kweli, sista. Niliona haya. Mtu kama mimi kushindwa kuinua ndoo!"

"Hakuna haya hapo, mzee," Chelagat alisema. "Ugonjwa huu hula nguvu, na kikohozi na jasho vinakukatiza usingizi. Ndiyo maana unasinzia mchana. Ukiacha dawa, ugonjwa utarudi ukiwa mkali zaidi. Endelea nazo, na uchovu utapungua polepole."

Alimpima uzito na kumpeleka kwa daktari akachunguzwe zaidi. Kisha akamshauri aache chai ya majani jioni, alale madirisha yakiwa wazi na atembee kidogo kila siku.

Njiani baba alitazama barabara tu. Nasambu aliogopa kwamba amekasirika. Walipofika nyumbani, baba aliketi, akaita, "Nasambu, niletee maji. Ile dawa ya asubuhi sikuimeza."

Tangu siku hiyo hakuruka dawa tena. Kikohozi kilipungua, shuka zikaacha kulowa, na usingizi ukamrudia. Alipomaliza matibabu na kupimwa, alikutwa amepona. Akarudi kwenye matofali, mwanzoni kwa saa chache tu.

Wakhungu alimpokea kwa mikono miwili. "Nilikucheka bila kujua, ndugu yangu. Pole. Kumbe ni nini kilikuponya?"

Nasambu alikuwa amemletea baba chakula. Baba alimshika bega, akamsogeza mbele ya wenzake wote.

"Ni dawa. Lakini mimi nilimficha sista ukweli, na ukificha ugonjwa wako, hata dawa nzuri haitakufaa. Aliyesema ukweli ni huyu hapa. Mtazameni vizuri. Ni binti yangu!"