Mlango wa Wafuga Nyuki

Jua lilipogusa paa la Mnara wa Makazi pale Tabora, Mpokezi alikuwa ameshafungua milango isiyo na idadi. Mnara wenyewe ulikuwa mmoja, mweupe, usio na madirisha, nao ulivuma kwa sauti ya chini kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Lakini ndani ya seva zake ziliishi shule, mahakama, masoko na zahanati za nusu ya nchi. Si majengo yao, bali sauti zao, taswira zao na maarifa yao. Wote walitumia anwani moja, kama wapangaji wa nyumba moja yenye namba moja barabarani. Aliyebisha hodi alitaja jina la anayemtaka, na Mpokezi, ambaye hakuwa mtu bali akili ya mashine, alimfikisha kwenye chumba chenyewe kabla mgeni hajapepesa jicho.

Mwamvita Mwinyikondo, mhandisi wa zamu, alikuwa bado mgeni kazini, na bado alimstaajabia Mpokezi kama siku ya kwanza. Kwao Kisarawe mama yake alipomuuliza kazi yake ni ipi hasa, alijibu, "Nalinda mlango ambao haujawahi kumkosea mtu." Aliyasema hayo kwa fahari, na aliyaamini.

Asubuhi hiyo ubao wake wote ulikuwa kijani. Ndipo simu ilipoita.

"Mtani," ilisema sauti ya mwanamume, "huko leo mmeamkia nini? Nimempigia daktari, nimeitika mwenyewe."

Alikuwa Mihayo Kasanga wa ushirika wa wafuga nyuki, Asali ya Miombo, mmoja wa wapangaji wa kwanza wa Mnara. Wanachama walipokezana zamu katika ukumbi wao wa taswira, na mnunuzi aliyebisha hodi popote alipo alijiona amesimama nao katikati ya mizinga.

"Labda ulijikumbuka tu," alisema Mwamvita. "Wanyamwezi mnapenda kusikia sauti zenu."

"Na Wazaramo mkipewa mlango muulinde, mnauza bawaba." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini hili si la utani. Nina mgeni hapa, binti anaitwa Kabula, yuko msituni huko Sikonge. Mtoto wake kazaliwa kabla ya miezi kutimia, yumo kwenye kiota kinachosema ripoti zimepokelewa. Tangu jana mchana anabonyeza kitufe cha daktari, na anayemtokea ni mfuga nyuki."

Mwamvita alikaa wima. "Tangu jana? Mbona hukuniambia?"

"Mgeni haulizwi amefuata nini kabla hajatua. Waliopotea huja kwetu kila wiki. Tunawakaribisha, tunacheka nao, wanakwenda zao. Huyu tulimkuta analia, tukasema ana lake, tukapokezana kukaa naye. Yeye alidhani sisi ni wahudumu wa zahanati, sisi tukadhani anajua alipo. Asubuhi hii ndiyo katuuliza daktari anakuja saa ngapi. Nikaliita jina lililoandikwa kwenye kiota chake, nikajipata mwenyewe."

Kiota kilikuwa moja ya fahari za zama hizo. Kilikuwa sanduku jepesi kama kikapu, linalobebwa mgongoni hadi mahali barabara isipofika, na ndani yake mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alipata joto na oksijeni. Kiota kilipima kila pumzi, kikapeleka ripoti kwa zahanati ya watoto Tabora mjini, na zahanati ikakirudishia amri: ongeza kidogo, punguza kidogo. Amri ya mtu mwingine hakikuipokea, ili mkono usiojua usije ukamdhuru mtoto. Watoto wengi wa wilaya zile walikuwa wakikimbia viwanjani kwa sababu yake.

Mwamvita aliita zahanati kwa njia ya ndani, akampata daktari wa watoto.

"Daktari Theodosia, unakiona kiota cha Kabula, wa Sikonge?"

"Sina kiota chochote cha Sikonge kilichowashwa."

"Kimewashwa tangu jana. Na kinasema ripoti zake zimepokelewa."

"Basi bado kinampa oksijeni ile ya kuanzia. Ile ni ya kumwokoa saa za mwanzo tu. Ikizidi, inapenya machoni na kuharibu mishipa. Mwambie mama asimtoe, hewa ya nje haitamtosha. Nipe njia ya kukiamuru kile kiota, Mwamvita. Na usikawie."

Mwamvita alimpa Mihayo agizo hilo la mama, kisha akaanza mwanzo, kama alivyofundishwa. Mashine ya zahanati ilikuwa hai? Ilikuwa hai, na viota vipya vya mjini vilikuwa vikiongea nayo bila shida. Njia ya kutoka Sikonge ilikuwa nzima? Nzima. Hodi ya Kabula ilifika Mnarani? Ilifika. Basi kosa lilikuwa ndani ya nyumba, kati ya mlango na chumba.

"Mpokezi," alisema, "kuna ombi lolote lililoshindikana?"

"Hakuna," alijibu Mpokezi kwa sauti yake tulivu. "Maombi yote yamejibiwa."

"Yamejibiwa na nani?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa, maana ubao haukuonyesha jibu lake. Mpokezi akasoma: maombi ya kiota cha Sikonge yote yalikuwa yamejibiwa na Asali ya Miombo.

Mwamvita akabisha hodi mwenyewe, akitaja jina lile lile ambalo kiota cha Kabula kilikuwa kikilitaja. Mizinga ikamzunguka kiunoni, na Mihayo akamtazama katikati ya nyuki wa taswira.

Sasa alielewa. Zahanati ilipohamia Mnarani ilipewa jina jipya. Viota vya zamani vya vijijini viliendelea kuita kwa jina la awali, na kwa hiyo majina yote mawili yaliandikwa kwenye maagizo ya Mpokezi. Jina la awali halikuwemo tena. Mpokezi alipokuta jina asilolijua, alifuata desturi ya seva, kongwe kuliko hata Mnara wenyewe: mgeni asiyejulikana anaingizwa chumba cha kwanza kwenye orodha. Na kwa mpangilio wa herufi, chumba cha kwanza kilikuwa cha Asali. Ukumbi wa asali ulipokea ripoti za pumzi za mtoto, haukujua ni kitu gani, ukazitupa, na kwa adabu ukajibu: imepokelewa. Taa ya kiota ikawaka kijani.

Aliliandika upya jina la awali chini ya jina jipya. Akamwamuru Mpokezi akague maandishi kabla ya kuyafuata. Yalikuwa sahihi. Akabisha hodi tena.

Mizinga.

"Bado ni sisi tu, mtani," alisema Mihayo taratibu. Nyuma yake Mwamvita aliona taswira ya Kabula, kanga begani, amekaa karibu na sanduku lenye taa ya kijani.

Mwamvita aliyarudia maandishi yake neno kwa neno. Hayakuwa na kosa. Kisha akakumbuka kwamba Mpokezi hasomi maagizo yake kila mgeni anapobisha. Huyasoma mara moja alfajiri, akayashika kichwani, na kutwa nzima akahudumia kwa kumbukumbu.

"Soma upya sasa," alisema. "Usimkatishe mgeni yeyote aliye ndani."

"Nimesoma," alisema Mpokezi.

Safari hii alipobisha, alimwona Daktari Theodosia, kichwa ameinamia namba zilizokuwa zikimiminika mbele yake. Daktari hakuinua macho. "Nimekipata," alisema. "Napunguza. Polepole, mwanangu, polepole." Mwamvita hakujua kama maneno hayo aliambiwa yeye, kiota, au mtoto.

Mchana ulipoingia, pumzi za mtoto zilikuwa zimetulia. Angeishi. Daktari alimweleza Mwamvita lililobaki: kiota kilionyesha kwamba jicho la kulia limeumia. Tiba ipo, na wataalamu wangelishughulikia mvua zikipungua na mto wa njiani kuvukika, lakini hakuweza kuahidi kwamba litaona.

"Nitamwambia mama yake kuhusu jicho," alisema Daktari. "Sababu, sijui nimwambieje."

"Sababu ni yetu," alisema Mwamvita. "Nitaisema mimi."

Alimkuta Kabula bado ukumbini kwa wafuga nyuki, kwa maana binti huyo alikuwa amemwomba Mihayo asiondoke. Mwamvita alimpa pole na hongera kwa pamoja, kisha akamweleza bila kuzunguka: taa ya kijani haikusema kweli, ripoti zilikuwa zikienda kusikokuwa na daktari kwa kuwa jina ambalo kiota chake huita lilikuwa limefutwa, na kosa lilikuwa la Mnara.

Kabula alisikiliza huku mkono wake umekaa juu ya kiota. Alikuwa binti wa rika la Mwamvita mwenyewe.

"Hilo jina letu," aliuliza, "nani alilifuta?"

Mwamvita alikuwa ameshamuuliza Mpokezi. "Mashine yetu. Kila baada ya muda inasafisha, inafuta majina yaliyokufa. Jina lenu lilikuwa halijaitwa msimu mzima, ikadhani halina mwenyewe."

"Dada," alisema Kabula, "halikuitwa kwa sababu watoto wetu walikuwa wanazaliwa salama. Msimu mzima kile kiota kilikaa kwa mkunga, kimefunikwa kitambaa. Tulikuwa tunamshukuru Mungu kwamba hatukihitaji."

Mihayo aliinamisha uso.

Aliporudi kwenye meza yake, alimkataza Mpokezi kufuta jina lolote bila mtu kuwauliza wenyewe kwanza. Kisha akajenga chumba kipya na kukiweka kabla ya Asali, kiwe cha kwanza kwenye orodha. Hakikuwa na kitu ila taa nyekundu, maneno machache yaliyosema, "Unayemtaka hatujamfahamu, subiri hapa," na kengele iliyolia mezani kwa mhandisi wa zamu. Alipompa Mihayo habari hizo, mfuga nyuki alikubali kwamba ni sawa, ila alitaka kujua kama mhandisi wa zamu ana adabu za kukaa na mgeni.

"Nitajifunza, mtani," alisema Mwamvita.

Likabaki jambo moja. "Mpokezi, ni majina gani mengine uliyoyafuta kwa sababu yalinyamaza?"

Mpokezi akaanza kuyataja, na hakumaliza upesi. Mwamvita akaanza na la kwanza, akalirudisha mahali pake, akatafuta simu ya wenyewe. Ilikuwa zahanati ndogo ya walioumwa na nyoka, mbali huko Rungwa. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Hodi," alisema Mwamvita. "Naitwa Mwamvita, wa Mnara wa Makazi. Nimepiga kuwajulia hali. Mmekuwa kimya."

Upande wa pili mwanamke alikuwa akitafuna kitu, na nyuma yake watoto walikuwa wakicheza.

"Tu wazima, mama," alisema. "Mwaka huu nyoka hawajatusumbua. Kwani vipi?"