Waondoe Watu Uwanjani

Jirani yangu Dolatkhanu, mwenye duka la vitenge hapa Shinyanga, hakuwahi kumzika mama yake. Sababu alinieleza mara moja tu.

Mwaka 1994 alikuwa kwenye kisiwa kimoja cha ziwani, upande wa Geita, akiuza vitenge, alipoletewa habari kwamba mama yake yu mahututi. Akakimbilia uwanja wa ndege: kibanda cha bati kando ya njia ya nyasi. Alikuwa abiria peke yake. Palikuwa na mlinzi tu, Sabiti, na redio yake ya upepo ya kuzungumza na rubani.

Wingu zito lilikuwa limetia giza mchana ule. Ndege ikasikika, ikashuka, ikapaa tena. Redio ikakoroma.

"Sabiti, waondoe watu uwanjani nitue!"

"Watu gani? Uwanja mtupu!"

Kwa hofu ya kuachwa, Dolatkhanu akatoka hadi katikati ya nyasi, akapunga mtandio wake wa njano. Hakuona mtu. Alisikia nyasi zikichakacha, na upepo hakuna.

Ndege ikapita juu yake, ikaelekea ziwani. Akageuka, akarudi kibandani taratibu, akilia. Alipofika mlangoni, redio ikasema:

"Sabiti, wanamfuata huyo mama wa njano. Wote. Wanaingia naye."