Mpunga Ndani ya Matundu

Kila asubuhi wakati wa mavuno, kabla ya kwenda shule, Analyn alimwaga mpunga kwenye sakafu ya zege ubavuni mwa nyumba yao, akausambaza kwa reki ya mbao, kisha akafukuza kuku. Pale nje kidogo ya mji wa Guimba, Ufilipino, kila mwenye sakafu huanika mpunga sakafuni, na asiye nayo huanika barabarani. Kazi hiyo Analyn aliijua vizuri. Kuipenda ni jambo jingine.

Wiki hiyo baba yake, Rodel, aliamua kuirefusha sakafu ile hadi chooni. Sababu ilikuwa Bibi Isidra, mama yake mzazi. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia, na wakati wa mvua za Agosti alikuwa ameteleza kwenye tope la kwenda chooni, akavunjika mkono. Hata hivyo hakutaka kabisa kuongozwa na mtu.

Rodel hakuwa fundi. Aliendesha pikipiki ya abiria, lakini aliulizauliza hadi akaelewa: zege jipya likimwagwa tu kando ya la zamani, hayashikani. Udongo ukititia, jipya hushuka na kuacha ngazi ndogo ya kumwangusha mtu. Basi akaazima drili, akatoboa matundu ubavuni mwa sakafu ya zamani, ili vipande vya nondo viingie nusu upande huu na nusu upande ule. Kila kipande akakipaka alama nyekundu katikati. Akamwagiza Analyn ayazibe matundu kwa vitambaa kila anapoanika mpunga. Jumamosi asubuhi Analyn angeulowesha ukingo kwa maji, kisha azichomeke nondo kwa uji wa saruji mpaka alama ifike ukingoni.

Vitambaa alivikumbuka? Wapi! Marivic, binamu yake, alimwita wakacheze mpira wa kikapu, naye akaondoka mbio. Reki ikapita, upepo ukapita, na punje za mpunga zikajaa matunduni.

Jumamosi, Rodel alipokwenda kuchukua kokoto, Analyn alilowesha ukingo na kuchomeka nondo ya kwanza. Iliingia kidogo, ikagoma. Ya pili vilevile. Alijaribu kuchokonoa kwa kijiti, lakini punje zilikwisha kunywa maji na kuvimba, zikazidi kushindiliana.

Marivic alichungulia, akacheka. "Kwani shida nini? Futa alama, paka nyingine pale ilipogomea. Zege likishamwagwa, nani atafukua?"

Analyn akapaka. Kwa macho nondo zilionekana safi, zimejipanga vizuri kabisa.

Rodel alirudi na kokoto, na majirani wakafika na mabeleshi yao. Mama yake Analyn alikuwa jikoni akipika uji wa mchele wenye nyama ya kuku na tangawizi, maana anayekuja kukusaidia haondoki na njaa. Bibi Isidra naye akatoka na fimbo yake, akainama, akazipapasa nondo moja moja.

"Ndizo hizi zitakazonishikia njia, mjukuu wangu?"

"Ndizo, Bibi."

"Umezikaza sawasawa? Mimi sioni. Naamini utakaloniambia."

 Analyn aliutazama ule mkono uliovunjika, ambao mpaka leo haujanyooka vizuri. Aliona aibu, akaogopa pia, kwa sababu zege la kwanza lilikuwa limeshachanganywa na Mzee Karyo, mmoja wa majirani, alikuwa analibeba kwa ndoo. Akamkimbilia baba yake.

"Baba, msimwage. Nondo hazijaingia. Alama nimezisogeza mimi."

Rodel alivuta nondo moja, ikatoka bila shida. Punje zilizovimba zikadondoka. Analyn akatamani ardhi immeze. Mzee Karyo alinung'unika kwamba zege linakauka, jamani, ataenda nalo wapi? Rodel akamwomba alimwage chini ya pampu ya maji, ambapo palihitaji kutengenezwa tangu siku nyingi. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, ila hakupiga kelele. Alimpa binti yake waya na pampu ya baiskeli.

"Matundu yote. Na wewe Marivic, usijifanye mgeni."

Wasichana walichokonoa na kupuliza mpaka nyuso zikajaa vumbi la saruji. Majirani walikunywa uji wao bila haraka na kuwatania. Rodel alitia kidole katika kila tundu, kisha akazichomeka nondo mwenyewe, na Analyn akishika kopo la uji wa saruji. Zege likamwagwa.

Walilifunika kwa magunia na kulimwagia maji kila siku hadi likakomaa. Ndipo Bibi Isidra alipolijaribu. Alipofika kwenye kiungo cha zege la zamani na jipya alisimama, akaburuza fimbo, akaburuza na unyayo, huku na huku. Kisha akavuka.

"Nimetafuta pa kuogopa, nimepakosa," alisema. Akamwita Analyn amkaribie. "Kuacha matundu wazi ni uzembe, na umeona mwenyewe, waya na pampu vimeumaliza. Lakini ungelifunika kosa lako, siku moja ningeanguka hapa, watu wote wakalaumu macho yangu. Wewe peke yako ungejua si macho. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, zege likiwa bado bichi."