Kizuizi cha Jumapili ya Tatu

"Yaya Kaswera, usichungulie tena. Batu bameisha kwa lori."

Kaswera hakusikiliza. Alikuwa bado anazunguka lori la walinda amani, amekumbatia viatu vya mdogo wake Éphraïm, aliyetekwa miaka miwili iliyopita. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka Butembo hadi Beni, kwenye uwanja wa Ruwenzori, kupokea mateka waliotekwa na waasi kwenye mashamba ya kakao. Aliyewatoa ni Gracien, mjumbe wa raia kwenye mazungumzo ya amani huko ng'ambo. Huyo ndiye mchumba wa Kaswera. Jumapili ilikuwa zamu ya tangazo la tatu la ndoa yao kanisani.

Aligeuka. Aliyemwita yaya, yaani dada, ni Joyeuse, jirani yao, mateka aliyeshuka sasa hivi, amebaki mifupa.

"Éphraïm iko wapi? Alikufa?"

"Iko muzima. Jana tulikuwa naye. Bakubwa ya baasi balikuja na liste, banaita majina. Akasimama na yeye. Bakamuambia: wewe, bakwenu bamekuandika kwa bafu, kwa batu benye balikufa. Kaa chini."

"Nani aliandika vile?"

"Sijue, yaya. Alinituma tu: ambia Kaswera anitoe kwa bafu."

Kaswera akakaa chini palepale, akampigia Gracien.

"Chérie! Batu bamefika? Radio zote zinanitafuta!"

"Gracien, nani aliandika Éphraïm kwa bafu?"

Gracien akakohoa kidogo.

"Mais... tutaongea nyumbani."

"Sema sasa."

"Baasi balikataa batu kumi na mbili, balisema habako tena. Siku tisa tumekwama. Médiateur, ule mupatanishi, akaomba tubaandike décédés, kwa bafu, ndipo bengine thelathini na nane batoke. Akatuachia kubakisha mutu moja kwa liste ya bazima, kama kuna preuve, ushahidi iko muzima."

"Na Éphraïm?"

"Preuve ilikuwa. Mais bajumbe benzangu balikuwa bananiangalia! Batu ba Beni bangesema Gracien ametoa shemeji yake, ameacha batoto yetu. Nilitaka kubaki mutu safi."

"Ulijua iko muzima."

"Nilijua."

Kaswera akakata simu. Ujumbe ukaingia: "Nitaomba bafungue tena mazungumzo."

Akaandika: "Lini?"

"Wajumbe wamerudi kwao. Ni ngumu. Tafadhali usiseme kwa batu kabla ya harusi."

Kaswera aliusoma huo wa mwisho mara tatu. Alikuwa anampenda mtu huyu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jumapili kanisa la Butembo lilijaa pomoni. Gracien alipigiwa makofi kama waziri, na suti yake ilikuwa imenyooka, hilo tumpe. Pasteur akasoma tangazo la tatu, akauliza kwa mazoea tu, macho tayari kwenye kitabu cha nyimbo:

"Kama kuna mutu iko na kizuizi, aseme."

"Niko nacho, Pasteur."

Watu wakageuka. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama. Akapita mbele, akaweka viatu mezani.

"Hivi ni vya Éphraïm. Iko muzima, Joyeuse huyu hapa alimuona. Mama yangu amekataa kilio miaka mbili, tukamuona kichaa. Na uyu mujumbe wetu aliwekea mutu muzima sahihi ya kifo, tena alijua."

"Kaswera! Nilifanya juu ya batu thelathini na nane!"

"Juu ya bale, aksanti. Juu ya Éphraïm, ulifanya juu ya jina yako."

Gracien akaangalia chini. Hakuna aliyepiga makofi tena. Mama yake Kaswera alikuwa ameinuka kitini, mikono kichwani.

"Mwanangu," Pasteur akauliza taratibu, "sasa iyi tangazo nifanye nayo nini?"

"Ifute. Pahali pake utangaze mudogo wangu kwa bazima. Leo, na kila Jumapili, mupaka bale benye kuandika basikie."

Pasteur akapiga mstari juu ya majina mawili ya wachumba. Akageuza karatasi, akatoa kalamu.

"Jina yake kamili?"

Kaswera alikuwa amekwenda kumshika mama yake. Pasteur akangoja. Aliyejibu ni Gracien, kichwa chini, herufi kwa herufi.

"Kasika Éphraïm. Miaka kumi na tisa. Alitekwa hana viatu."

Alilijua kwa moyo. Alishaliandika mara moja.