Mlango wa Samawati

Leelo alipokutana na Urmas mara ya kwanza, hakumwona. Aliona mlango mkuukuu wa mbao, wenye rangi ya samawati iliyobanduka, ukitembea katikati ya umati wa soko la stesheni, Jumamosi asubuhi, na buti mbili zenye chokaa chini yake. Mlango ukamgonga bega. Matufaha yake yakatawanyika mpaka kwa wauza samaki wa moshi.

"Samahani, dada," mlango ukasema.

"We mlango, huna macho?"

"Ninayo. Yako upande wa pili."

Leelo akacheka. Sisi watu wa Tallinn, hapa Estonia, hatuna desturi ya kuchekeana na tusiowajua, lakini mwalimu huyu wa jiografia, na koti lake la njano na glavu nyekundu zilizofumwa na mama yake, alicheka mpaka akashika tumbo. Urmas aliutua mlango aliokuwa ameubeba, akaokota tufaha moja moja. Walipofika kituo cha tramu walikuwa wanaitana majina.

Mlango ule ulikuwa wa nyumba aliyoachiwa na bibi yake huko mtaa wa Kopli, nyumba ya mbao aliyokuwa akiifufua kwa mikono yake.

"Ikiisha tu, tunaoana," alimwambia.

Wakapendana hasa. Majira ya joto, jua linapogoma kuzama, walikaa juu ya mapaa wakitazama minara na bahari. Leelo alimwonyesha kwa kidole: ukuta ulioanzwa na Wadenmaki, kanisa la Wajerumani, ngome za Waswidi, reli ya Warusi.

"Kila mgeni alijenga akidhani anakaa."

"Na sisi tukaachiwa matengenezo," Urmas akasema, akambusu shingoni. "Tulia, mwalimu."

"Nyumba itaisha lini, mpenzi?"

"Bado."

Mwaka ukapita, bado sakafu. Wa pili ukapita, bado ngazi. Alipaka rangi, akaikwangua, akapaka tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Leelo akaamini kwamba mwanamume huyu amepata pa kujificha. Akachukua kazi Helsinki, ng'ambo ya ghuba, saa mbili kwa meli, akifundisha watoto wa Waestonia wenzake.

"Unaniacha?" Urmas aliuliza.

"Nawapisha. Wewe na nyumba yako."

Urmas, kwa kiburi chake, hakwenda hata kumsindikiza bandarini.

Oktoba, ukungu umelala juu ya mji, simu ya Urmas ikalia.

"Leo nimewafundisha watoto hadithi ya mzee wa ziwani," Leelo alisema.

Nani kwetu hamjui? Ziwa letu liko juu kuliko mji. Kila vuli mzee hutoka majini, huja langoni na kuuliza kama mji umeisha. Hujibiwa bado, kuna mengi ya kujenga. Siku atakayoambiwa umeisha, atalifungulia ziwa litugharikishe sote.

"Kisha nikajiuliza, Urmas. Kama mji haujaisha miaka mia nane, hao watu wamekuwa wakilala wapi?"

Urmas akaweka brashi ya rangi chini.

"Wananipa mkataba wa kudumu. Ijumaa natia saini."

Simu ikakatika. Urmas alikaa kwenye ngazi isiyo na pa kushika, akakiri moyoni kwamba aliogopa. Baba yake alimleta mama kwenye nyumba inayovuja, na mama akaondoka mvua za pili. Urmas aliapa hatamleta mwanamke yeyote mpaka kila ubao uwe mahali pake. Sasa mbao karibu zote zilikuwa mahali pake, na mwanamke alikuwa Helsinki.

Ijumaa mchana, Leelo alitoka darasani kuelekea ofisini, kalamu mkononi. Kwenye geti la shule, ukungu ukafunguka kidogo. Mlango wa samawati ulikuwa unakuja, na buti mbili chini yake.

Alisimama. Machozi yalimtoka kabla hajajua kama anacheka.

"We mlango, umevuka bahari?"

"Mabaharia wamenicheka njia nzima."

"Nyumba imeisha?"

"Bado." Urmas akachungulia kwa pembeni, uso umemwiva kwa baridi. "Na haitaisha, Leelo. Paa linavuja pembe moja. Nimeweka hapo upande wangu wa kitanda. Tuoane hivyo hivyo."

"Na huu umeubebea nini?"

"Umebaki huu tu. Siutii bawaba mpaka wewe uwe ndani."

Leelo alitia kalamu mfukoni, akavaa glavu zake nyekundu.

"Inua upande wako," alisema. "Meli inaondoka saa kumi."